Wimbo wa zilipendwa ndani ya wimbo mpya: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha Tanzania. Majina ya watu, bendi, lebo na nyimbo zote mbili yameondolewa, na viwango vya fedha vimekadiriwa. Wahusika wanatajwa kwa kazi zao: Mtunzi (marehemu), Mpiga Solo, Mwimbaji, Prodyuza, Meneja na Mtoto wa Kwanza.

## Usuli

Bendi nyingi za dansi zilizovuma Tanzania miaka ya 1960 hadi 1980 hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park Orchestra, iliyozaliwa mwaka 1978, baadaye iliingia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya shirika na mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Ukihama bendi, gitaa unaliacha.

Kurekodi nako kulikuwa na utaratibu wake. Mlango mkuu ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia studio na kupiga wimbo mzima kwa pamoja, kanda inabaki redioni. Santuri zilichapwa Kenya, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikazibika hadi ulipofunguliwa mwaka 1983. Ndiyo maana nyimbo nyingi za kipindi hicho zilienea kwa redio na baadaye kwa kaseti za kunakili, bila mkataba wa maandishi kati ya aliyetunga na aliyerekodi.

Wimbo wa kale katika kisa hiki ulirekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na bendi ya shirika la umma ambalo sasa halipo. Maneno yake na melodi, yaani namna yanavyoimbwa, vilitungwa na Mtunzi, mwimbaji wa pili wa bendi, aliyefariki miaka ya 1990 akiacha mjane na watoto watano wa mama wawili. Kama ilivyo kwa nyimbo nyingi za dansi, unaanza taratibu kwa kisa cha mapenzi, kisha unaingia chemko, sehemu ya kasi ya kucheza. Hapo kwenye mlango wa chemko kuna gitaa la solo ambalo hata asiyejua jina la wimbo analitambua, kwa sababu halikosi kwenye harusi. Aliyelipiga, Mpiga Solo, bado yu hai na ana zaidi ya miaka 70.

Mwimbaji wa sasa alikuwa na mwaka wa pili chini ya lebo ndogo ya Bongo Fleva. Mkataba wake uliipa lebo umiliki wa masta, yaani rekodi yenyewe iliyokamilika, naye alipata asilimia 40 ya kinachobaki baada ya gharama. Alikuwa ametoa nyimbo tatu na hakuna iliyoshika.

## Kilichotokea

Prodyuza aliupata wimbo wa kale kwenye simu ya rafiki yake. Ilikuwa nakala iliyotoka kwenye kaseti kisha ikashushwa kutoka YouTube. Akakata baa nane (vipimo nane vya mapigo manne manne) za mlango wa chemko, kama sekunde 18. Wimbo wa kale ulikwenda mapigo 104 kwa dakika, naye alitaka 116, akauongeza kasi bila kulinda kimo cha sauti. Kila kitu kikapanda karibu toni nzima. Gitaa likawa jembamba, na mwitikio wa waimbaji ukasikika kama wa watoto. Athari hiyo ikawapendeza, wakaiacha. Mwimbaji akaimba upya kiitikio cha Mtunzi akibadili mistari miwili kati ya minne, na beti zote akatunga mpya.

Kwenye fomu ya msambazaji wa kidijiti, kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, kuna sehemu ya watunzi. Meneja alijaza majina mawili, Mwimbaji na Prodyuza. Swali la kama wimbo una sampo, yaani kipande kilichokatwa kutoka rekodi nyingine, alilijibu "hapana". Hakukuwa na nia mbaya sana hapo. Waliamini kwamba zilipendwa ni za wote.

Wimbo ulitoka na ukashika. Ndani ya wiki tatu video ilivuka watazamaji milioni moja. Wiki ya nne likaja dai la Content ID: mfumo wa YouTube ulikuwa umeitambua rekodi ya kale ndani ya wimbo mpya, na mapato ya matangazo yakaanza kwenda kwa mdai. Meneja alidhani ni familia ya Mtunzi, kumbe sivyo. Mdai alikuwa mtu baki aliye nje ya nchi, aliyeichukua rekodi hiyo kutoka kwenye kaseti, akaiandikisha kwa msambazaji kama yake, na alikuwa akiivuna kwa miaka kadhaa.

Familia ilisikia wimbo kwenye daladala. Wiki ya sita Mtoto wa Kwanza alifika studio na kaseti mfukoni. Meneja, akiogopa kiki mbaya redioni, alimlipa TSh 1,500,000 siku hiyohiyo na kumsainisha karatasi ya mkono: "Nimepokea malipo ya wimbo wa baba, sina madai." Kosa lililogharimu kuliko yote lilifanyika hapo.

Wiki mbili baadaye ndugu zake wa mama mwingine walijua. Mjane hakuwa ameambiwa. Barua ya wakili ikaja ikidai mambo matatu: jina la Mtunzi litajwe, mapato yagawanywe, na familia ipate sehemu ya malipo ya kila shoo ambapo wimbo unaimbwa. Mpiga Solo hakutajwa na mtu yeyote, si lebo wala familia.

## Maamuzi na sababu zake

### Kutenganisha utunzi na rekodi

Wakili wa lebo alianza kwa kuchora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja aliandika utunzi, yaani maneno na melodi ya wimbo. Upande wa pili aliandika rekodi, yaani ile kanda yenyewe. Ni mali mbili zenye wenyewe tofauti na muda tofauti. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi alifariki miaka ya 1990, kwa hiyo warithi wake wana haki mpaka miaka ya 2040. Rekodi inalindwa miaka 50 na haifuati maisha ya mtu. Iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1970 inakaribia ukingoni.

Mwimbaji alikuwa ametumia vyote viwili, utunzi alipoimba kiitikio na rekodi pale Prodyuza alipokata baa nane. Na kwa kuwa bendi ilirekodiwa kwa pamoja, huwezi kusema umechukua gitaa tu. Besi, tumba, mwitikio na mwangwi wa chumba vyote vimo. Programu za kutenganisha vyombo zilijaribiwa, gitaa likatoka na mlio kama wa maji ya bomba.

### Kutolipinga dai la YouTube

Meneja alitaka kupinga dai haraka. Alikuwa na hoja ya kiutendaji: ukipinga ndani ya siku 5, mapato yanashikiliwa tangu siku dai lilipowekwa badala ya kwenda kwa mdai, na mdai ana siku 30 za kujibu. Tatizo lilikuwa sababu ya kuandika. Fomu inakutaka utamke kwamba una leseni au haki, na lebo haikuwa na hata moja. Kwamba mdai naye hana haki hakukuwapa wao haki hiyo. Pingamizi la uongo lingeweza kumsukuma mdai aombe video iondolewe, na kuondolewa kunaleta onyo kwa chaneli. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima, na chaneli hiyo ilikuwa na nyimbo nyingine 11 za wasanii wenzake Mwimbaji. Wakaliacha dai, wakakubali kupoteza mapato ya wiki hizo.

### Kurekodi upya

Waliamua kuondoa sampo na kupiga gitaa upya, ili suala la rekodi liondoke mezani na libaki la utunzi peke yake. Prodyuza alikuwa na kijana wa gitaa tayari. Mwimbaji ndiye aliyeuliza kama aliyelipiga mwanzo bado yupo. Mzee alipatikana kupitia wanamuziki wenzake wa zamani. Hakuwa na gitaa.

Kilichotokea studio kinafaa kuelezwa, kwa sababu kilibadilisha mgawanyo. Mpiga Solo aliwekewa toleo jipya, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanangu, mmenikimbiza. Sisi tulipiga watu wacheze." Kisha akaomba mtu wa gitaa la pili. Prodyuza akamwambia hakuna gitaa la pili kwenye kipande kile. Mzee akapiga solo peke yake, ikasikika uchi. Akamwelekeza yule kijana aguse ridhimu nyuma yake, nyuzi tatu za juu tu, akijibu pale solo inaponyamaza. Wimbo ukarudi. Lile ambalo watu walikuwa wakiliita "gitaa la harusi" lilikuwa magitaa mawili yanayojibizana, na Prodyuza alikuwa amelisikiliza kwa miezi bila kuligundua. Walikubaliana kwenda mapigo 110.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba sauti ile ya gitaa haikuwa ya Mtunzi. Katika bendi za dansi mtunzi alikuja mazoezini na maneno na namna ya kuyaimba, kisha wapiga magitaa wakaweka yao. Tangazo la redio lilitaja jina moja tu la mtunzi. Wanamuziki wawili wa bendi hiyo walithibitisha kwa maandishi kwamba mlango wa chemko ulibuniwa na Mpiga Solo.

Gharama ya uamuzi huu ilikuwa ya takwimu. YouTube hairuhusu kubadilisha faili la video na kubaki na watazamaji wale wale. Kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, rekodi mpya inahitaji ISRC mpya, ile namba ya herufi na tarakimu 12, na hesabu ya usikilizaji inaanza sifuri. Lebo ilitoa toleo la pili likiwa na video mpya, Mpiga Solo akionekana ameketi na gitaa. La kwanza liliachwa wiki mbili na kiungo cha kuelekeza watu kwenye la pili, kisha likaondolewa.

### Nani anasaini kwa niaba ya marehemu

Karatasi ya TSh 1,500,000 haikuwa na nguvu yoyote kwa familia. Hakimiliki ni mali kama nyumba au shamba: mwenyewe akifa inaingia kwenye mirathi, na anayeweza kuitolea leseni ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa si uteuzi.

Lebo ingeweza kungoja familia imalizane yenyewe. Ilichagua kulipia gharama za kufungua mirathi, kwa hesabu rahisi kwamba bila msimamizi hakuna mkataba, na bila mkataba msambazaji angeweza kuushusha wimbo wakati wowote. Hatua zilikwenda hivi. Kwanza kilitafutwa cheti cha kifo, kwani kifo hakikuwa kimesajiliwa, na usajili wa kuchelewa kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, peke yake ulichukua zaidi ya miezi miwili. Kikafuata kikao cha ukoo, ambacho muhtasari wake ulisainiwa na watoto wote watano na mjane. Maombi yakapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa kwa mwenye pingamizi, ndipo uteuzi ukatoka. Kikao kilimteua binti wa pili, mhasibu wa duka la dawa. Jumla ilikuwa miezi saba. Msimamizi alikumbushwa kwamba ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali mahakamani, na kwamba utunzi wa baba uingie kwenye orodha hiyo kwa majina ya nyimbo, siyo "muziki wake".

### Mgawanyo

Utunzi wa wimbo mpya uligawanywa hivi: Mtunzi (mirathi) asilimia 40, Mwimbaji 30, Mpiga Solo 15, Prodyuza 15. Familia ilianza kwa kudai 100. Hoja iliyowarudisha ilikuwa kuhesabu: beti zote mpya, kiitikio nusu kipya, melodi ya kiitikio ya kale kabisa. Masta ya toleo la pili ilibaki ya lebo, kwa kuwa hakuna kilichokatwa kutoka kanda ya zamani.

Dai la shoo lilikuwa gumu zaidi, na kwa kweli familia ilikuwa inaona sawasawa: msanii wa Bongo Fleva anakula kwa shoo, siyo kwa watazamaji. Lakini malipo ya jukwaani ni malipo ya kazi ya mtu kusimama na kuimba. Haki ya mtunzi wimbo unapopigwa hadharani hukusanywa kutoka kwa mwenye ukumbi au mwandaaji, siyo kwa kumkata mwimbaji. Kwa kutambua kwamba makusanyo hayo ni madogo na hayatabiriki, lebo ilitoa TSh 5,000,000 ya mara moja, kwa awamu mbili, ikiwa ni fidia ya miezi ambayo wimbo ulitumika bila ruhusa. Ile 1,500,000 ya awali ilihesabiwa kwenye fungu la Mtoto wa Kwanza, ndugu zake hawakukatwa kitu.

## Matokeo

Toleo la pili lilichukua miezi mitano kufikia idadi ya watazamaji ambayo la kwanza liliipata kwa wiki sita. Redio hata hivyo zililipenda zaidi, zikiwemo zile za vipindi vya zilipendwa ambazo kwa kawaida hazigusi Bongo Fleva. Mwimbaji akaanza kuitwa kwenye shughuli za watu wazima, harusi na sherehe za mashirika, soko ambalo lebo haikuwa nalo.

Wimbo mpya uliandikishwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina manne, na wa kale ukaandikishwa kwa mara ya kwanza na msimamizi wa mirathi. Katika mwaka wa kwanza fungu la utunzi lililoingia kwa familia lilikuwa kama TSh 1,900,000, chini ya nusu ya ile fidia. Mpiga Solo alipata zaidi kwa kuitwa jukwaani mara sita kuliko kwa asilimia 15 zake.

## Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni kurekodi upya kabla ya kujadiliana fedha. Toleo la kwanza lingewalazimisha kuzungumza na wenye utunzi, wenye kanda na warithi wa shirika lililokufa, wote kwa pamoja. Kuondoa sampo kulipunguza meza hadi watu wanne. Hilo halifai kila mara. Kuna nyimbo ambazo uzuri wake wote umo kwenye ile kanda, na ukipiga upya unabaki na mifupa. Hapa lilifaa kwa sababu mpigaji mwenyewe alikuwepo.

Kumtafuta Mpiga Solo kulifanyika kwa bahati, halikuwa sehemu ya mpango. Angekuwa amefariki, au Mwimbaji asingeuliza, asilimia 15 zingegawanywa kimakosa na dai la pili lingekuja mwaka unaofuata. Anayetumia wimbo wa dansi aulize maswali mawili tofauti: nani alitunga maneno, na nani alibuni kipande ninachokitaka. Majibu yanapatikana kwa wanabendi walio hai, nao wanapungua kila mwaka. Ushahidi wao uandikwe, usainiwe, uwe na tarehe na namba ya kitambulisho.

Suala la mwajiri liliachwa wazi kwa makusudi, na hapo lebo inaweza kulaumiwa. Wanabendi walikuwa waajiriwa, wimbo ulitungwa chini ya sheria ya zamani ya 1966, na mrithi wa shirika hilo angeweza siku moja kudai kwamba kazi ilikuwa ya mwajiri. Mkataba uliwekewa kifungu kwamba likija dai la namna hiyo, pande zote nne zitachangia kulijibu kwa uwiano wa asilimia zao. Ni kinga dhaifu, ila ni bora kuliko kimya.

Malipo ya haraka kwa Mtoto wa Kwanza yalishindwa kwa kila kipimo. Hayakununua haki, yaligombanisha familia, na yakawa ushahidi kwamba lebo ilijua wimbo si wake. Lebo ingekuwa na haraka ya kuonyesha nia njema, ingeandika barua ya kukiri matumizi na kuahidi mazungumzo na msimamizi atakapoteuliwa, ikaongeza nauli na posho ya vikao. Haki ya kutajwa jina ingetekelezwa siku hiyohiyo, kwa sababu haihitaji mahakama wala fedha: unaingia kwenye maelezo ya video na kuandika jina la marehemu. Hilo lilichelewa miezi mitatu, na mjane alilitaja katika kila kikao kabla ya kutaja shilingi.

Fomu ya msambazaji nayo ilikuwa mlango wa kuzuia yote haya. Karatasi ya mgawanyo isainiwe studio kabla faili halijatoka, ikiwa na jina kamili la kila aliyechangia, asilimia yake ya utunzi, namba ya simu, na mstari unaouliza: je, kuna sekunde yoyote ambayo haikurekodiwa hapa? Prodyuza angeulizwa hivyo angesema ndiyo. Aliulizwa Meneja, ambaye hakuwepo wakati kipande kinakatwa.

## Kilichobaki

Mtu baki wa nje ya nchi bado alikuwa na rekodi ya kale mtandaoni. Kwa toleo jipya hakuwa na dai tena, maana hakuna sauti ya kanda ndani yake. Lakini umaarufu mpya uliwarudisha watu kwenye wimbo wa zamani, na mapato yake yaliendelea kwenda kwake. Msimamizi wa mirathi angeweza kuomba video hiyo iondolewe, kwa kuwa utunzi ni wa familia hata kama kanda si yao. Ombi liliandaliwa likiwa na barua ya uteuzi na cheti cha COSOTA, likasomwa kwenye kikao. Mjane akauliza, "Mkiifuta hiyo, sauti yake mimi nitaisikia wapi?" Kaseti ya Mtoto wa Kwanza ilikuwa imekwisha kukatika. Ombi likabadilishwa, badala ya kuiondoa video wakamtaka msambazaji azuie mapato mpaka mwenye haki athibitike. Msambazaji alikubali. Fedha zimezuiwa, na wimbo bado upo hewani.